Jibu: Tasnifu ya sera za maendeleo za Ghana, nianzie wapi?

Pole ndugu yangu. Msimamizi kukurudishia andiko mara mbili kwamba "ni pana mno" inaudhi, ila hapo niko upande wake. Sera za Ghana kuanzia 1992 hadi leo ni kazi ya watu kumi.

Shika sera moja. Mimi ningechukua sekondari ya juu bila ada, iliyoanza Septemba 2017. Wanafunzi walifurika hadi 2018 serikali ikaanza kuwasomesha kwa zamu: kundi lililoitwa la kijani likiwa darasani, la dhahabu lilikuwa nyumbani. Swali la utafiti hilo hapo. Bima ya afya ya 2003 nayo inafaa, ila makaratasi yake ni mengi.

Sasa mtego ulioniponza. Novemba 2010 Ghana ilibadili mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kama kipimo, likapanda kwa takriban asilimia 60 kwenye karatasi. Mimi nikaunganisha takwimu za kabla na baada kwa mstari mmoja, nikauita muujiza. Siku ya utetezi nilitoka jasho hadi kwenye soksi. Tumia mfululizo mmoja, na andika mwaka wa msingi chini ya kila jedwali.

Ukitaka kuhoji wanafunzi walio chini ya miaka 18, usiguse kinasa sauti kabla ya kibali cha maadili ya utafiti. Na ukigusa madeni baada ya Desemba 2022, Ghana iliposimamisha kulipa sehemu kubwa ya deni la nje, mpe mchumi akukagulie hesabu.