Mguu wa matende: homa ya mama yangu ilipunguzwa na beseni na sabuni

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna dawa ya kurudisha mguu wa mama yako uliovimba mwaka wa sita sasa. Unasema homa humshika karibu kila mwezi, duka la dawa linawapa vidonge vya minyoo kila mara, na majirani wanasema amekanyaga kitu. Pole sana. Nimemuuguza mama yangu kwa matende hapa Mikindani, Mombasa, kwa hivyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Nianze na linalouma: mguu uliokwisha kukomaa hivyo haurudi kama zamani. Lakini homa inazuilika, na kila homa inapopita huuacha mguu umeongezeka. Hilo sikulijua kwa miaka mingi, na mama yangu ndiye aliyeumia.

Matende huletwa na minyoo myembamba kama uzi, inayoenezwa na mbu. Kwetu mijini ni hawa wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu. Mtu huambukizwa kwa kuumwa mara nyingi, pengine tangu utotoni. Minyoo hukaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, na kuiharibu. Maji yakikosa njia hutuama mguuni. Kwa wanaume huenda yakajaa kwenye korodani, ndiyo busha au mshipa, na huo hutibiwa kwa upasuaji. Usimwache mzee yeyote aufiche.

Mnyoo mkubwa huishi miaka 6 hadi 8 hivi, kisha hufa, na mguu hubaki. Tena vijiminyoo vichanga huonekana kwenye damu usiku, kuanzia kama saa nne hadi saa nane. Mama alipimwa mchana, wakasema damu ni safi, nami nikarudi nyumbani nikiamini maneno ya uchawi. Akachanjwa chale mguuni kwa wembe. Mpaka leo nikikumbuka nasikia vibaya, maana kila chale ulikuwa mlango.

Aliyetufumbua macho ni nesi mmoja. Alivaa glavu, akapiga magoti, akavitenganisha vidole vya mama kimoja kimoja. Kati ya kidole kidogo na cha pili yake ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, imepasuka, na ina harufu. Akatueleza kwamba bakteria huingilia pale, na mguu wenye limfu mbovu hauwezi kupigana nao. Ndipo mtoki unavimba kinenani, mtu anatetemeka kwa baridi, na mguu unawaka moto. Vidonge vya minyoo haviponyi homa hiyo.

Tukaanza usiku ule ule. Kisima chetu ni cha maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, basi nikawa nanunua mtungi wa maji matamu kwa ajili ya mguu tu. Maji yasiwe moto. Sabuni ya kawaida isiyo na harufu kali inatosha. Unaanzia juu pale uvimbe unapoanza, unashuka taratibu kwa mkono au kitambaa laini, unaingia kila kunjo na kila kidole, kisha unasuuza mpaka maji yawe meupe. Miguu yote miwili. Siku ya kwanza maji yalitoka rangi ya chai, na mama aligeuza uso ukutani.

Kukausha ndiko watu wanakokosea. Usisugue, gusisha taulo safi tu, na kati ya vidole pitisha kitambaa chembamba mpaka kitoke kikavu. Tulipewa krimu ya fangasi, tukapaka hapo mpaka ngozi ikafunga. Tuliweka tofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa nyayo, ili mguu ulale juu kidogo. Mchana hukaa akikunja na kukunjua kifundo. Fundi wa makubadhi alimtengenezea jozi pana yenye mikanda ya kulegeza.

Mwaka wa kwanza homa ilimshika mara mbili tu. Mguu ulipungua kidogo, ila vidole vilianza kuonekana, na alikwenda harusini akiwa na makubadhi yake.

Homa ikimshika, usikande wala kumfanyisha mazoezi. Mwekee kitambaa cha maji baridi, mpe maji mengi na paracetamol, na siku hiyo hiyo mpeleke hospitali apewe antibayotiki.

Vidonge vya matende vinavyogawiwa watu wote kwenye kampeni, vikija kwenu bado mmeze. Huku kwetu Jomvu mwaka 2018 viligawiwa vya aina tatu kwa pamoja: ivermectin, DEC na albendazole. Huvimaliza vile vichanga kwenye damu ili mbu asimpelekee mwingine. Mguu wa mama havitaupunguza.

Kama hajawahi kuonwa na daktari, aonwe kwanza. Miguu yote miwili ikivimba huenda ni moyo au figo, na mguu mmoja ukivimba ghafla na shavu la mguu likauma, huenda damu imeganda, hapo msingoje asubuhi.

Leo usiku mkalishe, mtenganishe vidole, uangalie kwa tochi. Ukiona weupe unaochunika, anzia hapo, kisha urudi utwambie.