Kabla ya kuweka nukta kwenye ramani: kwa wanaoanza kuchunguza Cicadulina mkoani Tanga

Pitisha wavu kwenye ukoka ulio kando ya shamba la mahindi, Muheza au Korogwe, masika yakiwa yameshakolea. Mara nyingi ndani yake mtakuta wadudu wembamba wa rangi ya manjano, urefu wa milimita tatu hivi, wenye madoa mawili meusi ya mviringo kichwani, katikati ya macho. Wanaoanza huandika papo hapo daftarini: Cicadulina mbila. Ndiyo spishi inayotajwa kila ugonjwa wa milia ya mahindi, ambao virusi vyake huenezwa na wadudu hawa, unapozungumzwa, kwa hiyo jina linakuja lenyewe. Tunawaomba msiliandike bado. Madoa mawili yanawaelekeza kwenye jenasi tu, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu, ambalo hapa ni Cicadulina. Jenasi hii ina spishi zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa za Afrika, na kadhaa zinaweza kuishi kwenye nyasi za shamba moja.

Anzeni na familia. Wadudu hawa ni wa Cicadellidae, ambao wakulima wa pamba huwaita chawajani. Tazameni mguu wa nyuma: sehemu ndefu iliyo chini ya goti ina safu za miiba kutoka juu hadi chini. Kama miiba ni michache na mwishoni mwa sehemu hiyo kuna kucha pana inayochezacheza, huyo ni wa familia ya Delphacidae, hata kama anaruka na kunyonya vilevile. Makundi haya mawili huchanganywa kuliko mengine yote, na huchanganyika tangu ndani ya kichupa cha shambani.

Spishi huamuliwa kwa dume, tena kwa viungo vyake vya uzazi. Kateni tumbo kwa sindano nyembamba chini ya hadubini, mliloweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 (gramu 10 kwa mililita 100 za maji) usiku kucha bila moto. Mwenye haraka anaweza kuweka kichupa ndani ya maji ya moto kwa dakika kumi hadi kumi na tano, lakini awe anakiangalia: misuli ikishayeyuka na kuta kubaki angavu, inatosha. Ukizidisha, utando unaoshikilia uume unaachia na kila kipande kinaelea peke yake, na hapo hakuna wa kuwaambia kipi kilikaa wapi. Suuzeni kwa maji yenye tone la siki ili kuzima dawa, kisha hamishieni kwenye glaiserini. Tazameni uume kwa ubavu na kwa nyuma, pamoja na ncha za vipande vya pembeni vinavyoufunika. Umbo hubadilika sana kwa pembe ya kutazamia, na mchoro uliochorwa kwa pembe moja tu umewapotosha wengi. Ufunguo wa kufuata, yaani mwongozo wa kutambua spishi hatua kwa hatua, ni wa Webb wa mwaka 1987. Mapitio ya Ruppel ya 1965 yana faida kwa historia ya majina, ila yasitumiwe peke yake.

Jike peke yake, au tunutu ambaye mabawa hayajakamilika, aandikwe Cicadulina sp. na basi. Mkiwa na majike waliokamatwa pamoja na madume ya spishi moja, andikeni kwamba mmewaunganisha kwa sababu hiyo, ili atakayefuata ajue uzito wa neno lenu.

Majina yenyewe yanahitaji subira. Mtaalamu wa wadudu Naudé alimweleza mbila mwaka 1924 ndani ya jenasi Balclutha, ndiyo maana leo huandikwa Cicadulina mbila (Naudé), mwandishi akiwa kwenye mabano: mabano yanasema spishi ilihamishwa jenasi. Mtaalamu mwenzake aitwaye China alipomwita mwingine Cicadulina storeyi mwaka 1936, alimweka moja kwa moja kwenye jenasi hii, kwa hiyo jina lake halina mabano. Msiyaondoe wala kuyaongeza kwa kupendezesha. Halafu kuna visawe, yaani majina mawili au zaidi ya spishi moja. Ripoti nyingi za Afrika Magharibi zinasema C. triangula, huyo ni storeyi yuleyule. Asiyelijua hilo atachora ramani mbili za mdudu mmoja.

Mfano mkubwa zaidi ni Cicadulina bipunctata (Melichar), aliyeelezwa mwaka 1904. Huyu ndiye mwenye eneo pana kuliko wenzake: Afrika, Asia ya joto, Australia, hadi kisiwa cha Kyushu, Japani. Kule Australia alijulikana kwa jina la C. bimaculata, na kwingine kama C. bipunctella. Ukitafuta kumbukumbu zake kwa jina moja tu, nusu ya dunia inapotea kwenye ramani yako. Tena madhara yake hayafanani kila mahali: Australia na Japani mate yake hufanya mahindi yadumae na mishipa ya majani kuvimba, na hilo ni tendo la mate yenyewe. Ugonjwa wa milia wa huku kwetu ni virusi. Kwa hiyo mahindi yaliyodumaa si ushahidi wa spishi, wala spishi si ushahidi wa ugonjwa.

Hapa Tanga kuna sababu ya pekee ya kulisisitiza hili. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara, mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtafiti H. H. Storey alionyesha kwamba ndani ya C. mbila wapo wanaoweza kuambukiza virusi vya milia na wapo wasioweza, na kwamba uwezo huo hurithiwa kwa kufuata jinsia. Aliwatoboa utumbo kwa sindano wale wasioweza, nao wakaanza kuambukiza: kizuizi kilikuwa kwenye ukuta wa utumbo. Mkitaka kusema wadudu wa shamba fulani wanaeneza ugonjwa, basi walisheni kwenye mmea mgonjwa, muwahamishie mmoja mmoja kwenye miche michanga iliyooteshwa ndani ya chandarua, na msubiri michirizi. Wekeni pia miche isiyoguswa na mdudu, la sivyo jaribio halina maana. Virusi havipiti kwenye yai la mdudu, kwa hiyo kizazi kilichokuzwa kwenye mimea mizima kinaanza kikiwa safi.

Kuhusu kukusanya hatutasema mengi. Subirini umande ukauke, kwa kuwa wavu uliolowa huwagandamiza na kuwavunja miguu. Watoeni kwa kichupa cha kufyonzea, si kwa vidole. Taa ya usiku huleta wengi, lakini inawaonyesha wanaoruka, na wengine wametoka mbali. Kumbukumbu ya taa isiandikwe kama kumbukumbu ya mmea. Mmea uitwe makazi pale tu mlipowakuta tunutu juu yake. Kwa kazi ndani ya hifadhi ya Amani, vibali vishughulikiwe kabla ya safari.

Wa kuchunguzwa umbo wawekwe kwenye ethanoli ya asilimia 70, wa vinasaba kwenye asilimia 95 au zaidi, mahali pa baridi. Rangi ya manjano hufifia humo, kwa hiyo iandikeni siku hiyohiyo. Lebo iwe ndani ya kichupa, kwa penseli, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka: mahali, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, mmea, mkusanyaji. Mwinuko msiuruke. Kutoka Pangani hadi milima ya Usambara ni safari fupi, lakini mazingira ni mengine kabisa, na neno "Tanga" peke yake halisemi mdudu alitoka wapi kati ya hayo.

Wa kukaushwa gundisheni kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi ngumu, na tumbo lililochunguzwa libaki kwenye kichupa kidogo cha glaiserini juu ya pini ileile, chini ya mdudu wake. Unyevu wa pwani huleta ukungu haraka, na sisimizi hula vilivyobaki. Sanduku lifungwe vizuri, liwe na silika ya kunyonya unyevu, na miguu ya meza isimame kwenye visahani vya maji. Silika ikaushwe upya inapobadilika rangi. Wakati wa masika hilo hutokea mapema kuliko mnavyotarajia.