Kabla ya Kuweka Fremu Mbele ya Nyumba

Nilipoanza kujenga pembezoni mwa Dar es Salaam, nilipanga kuweka fremu mbili za biashara mbele ya nyumba, moja iwe duka langu la vifaa vya umeme na nyingine niipangishe. Kibali cha ujenzi nilikuwa nacho, lakini kilihusu nyumba ya kuishi tu, kwa kuwa michoro niliyopeleka halmashauri haikuonyesha fremu yoyote. Fundi alinitoa hofu akisema mtaa mzima una fremu. Kuta zilipofika kwenye linta, nilikuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA UJENZI.

Kiwanja changu kilipimwa kwa matumizi ya makazi pekee, hivyo ilinipasa kwanza kuomba kubadili matumizi yawe makazi na biashara, kisha nipeleke michoro mipya. Zaidi ya hayo, fremu moja ilikuwa imeingia katika nafasi inayotakiwa kuachwa wazi kati ya jengo na mpaka, hiyo niliibomoa. Nyingine ilisubiri miezi saba. Ada za maombi hazikuniumiza kama marejesho ya mkopo wa kikoba, ambayo hayakusubiri, na saruji iliyogandia stoo.

Kwa hiyo, mwone afisa mipango miji kabla ya kumwona fundi, tena ukiwa na nakala ya hati na ramani ya kiwanja, umweleze wazi kwamba unakusudia kufanya biashara. Ikiwa kiwanja kiko kando ya barabara kuu, pima mwenyewe kutoka katikati ya barabara: Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake ziliongeza hifadhi ya barabara, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na waliotegemea kipimo cha zamani wengi wao waliamka na alama ya X ukutani.

Sipingi kanuni hizi, ila nalalamikia ofisi zisizozungumza zenyewe kwa zenyewe, zikimwacha mwananchi awe tarishi wa faili lake mwenyewe. Nafuu imeonekana kwingine: tangu 2019 usimamizi wa chakula ulipotoka kwa mamlaka ya chakula na dawa (TFDA) ukahamia Shirika la Viwango (TBS), mke wangu, ambaye anaoka mikate, ana mlango mmoja wa kubisha badala ya miwili. Upande wa ujenzi bado naisubiri.

Mpangaji wa fremu iliyobaki aliomba kuona kibali kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Nilimpa nakala, naye akaiweka pamoja na karatasi zake za kuombea leseni.