Je, PlayStation Vita ingeachwa mapema?

Ndugu, umeuliza kama Sony ingefanya vyema kuiacha PlayStation Vita, kifaa chake cha mkononi cha kuchezea michezo ya video, mara ilipoonekana haiuziki. Kwa maoni yangu, hasara ingezidi akiba. Mnunuzi wa mwanzo, ambaye tayari alikuwa amelipia kadi ya kumbukumbu ya aina ya pekee, ya bei ghali na isiyofaa kwenye simu wala kamera, angebaki na kifaa kisicholetewa michezo mipya, na siku nyingine angesita kununua chochote cha kampuni hiyo kikiwa ndiyo kwanza kimetoka. Studio ndogo za kutengeneza michezo, ambazo zilisaidia sana kuibeba Vita hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2019, zingepoteza kazi waliyokwisha kuigharimia.

Itazame Nintendo, mshindani wa Sony: 3DS, kifaa chake cha aina hiyohiyo, ilipodorora mwaka 2011, bei yake Marekani ilishushwa kutoka dola 249.99 hadi 169.99, na waliowahi kuinunua wakapewa michezo 20 bila malipo. Hatimaye ziliuzwa zaidi ya milioni 75.

Kama unayo Vita, pakua sasa michezo uliyoilipia, maana mwaka 2021 Sony ilitangaza kulifunga duka la mtandaoni la Vita, ikabadili uamuzi baada ya wateja kulalamika, lakini huenda siku nyingine ikalifunga kweli.