Bonanza la kuvua Mtera: mtapimaje bila kugombana?

Ofisini tumechoka na bonanza la mpira na kuvuta kamba kila mwaka. Mwenzetu ameona video za California, timu za watu wawili wawili wakishindana kuvua samaki wa maji chumvi aitwaye bass. Sisi tuko Dodoma, bahari iko mbali. Tunaweza kuwaiga kwenye Bwawa la Mtera? – Msomaji, Area C

Mnaweza, ila msizibebe kanuni zao zote. Kule timu huhesabiwa samaki watano bora. Ukimpata wa sita aliye mkubwa, mdogo anatolewa. Hiyo ichukueni, ni nzuri: inampa nafasi hata aliyeanza siku vibaya. Mnachopaswa kuacha ni kupima kwa uzito mwisho wa siku. Boti zao zina tangi linalopitisha maji mapya muda wote, na samaki huishi humo hadi kwenye mizani. Ninyi mtakuwa na ndoo. Maji ya ndoo yakipata joto hewa hupungua, na perege ndiye wa kwanza kuelea tumbo juu. Kambare atawapotosha, kwa sababu yeye anaweza kuvuta hewa ya juu: mtamwona mzima mkadhani maji yako sawa.

Pimeni urefu papo hapo, pigeni picha, rudisheni.

Kuna mtego mmoja. Kambare wa kawaida humzidi perege urefu mbali kabisa, kwa hiyo timu yenye kambare wawili inaweza kufunga hesabu saa moja baada ya kuanza. Katika wale watano, ruhusuni kambare mmoja tu, wengine wawe perege. Wekeni na kima cha chini, tuseme sentimita 20, ili watu wasisumbue vidagaa kwa ajili ya pointi.

Tukipima kwa picha, mtu si atatumia samaki mmoja mara mbili, au picha ya mwaka jana? – Msomaji, Nzuguni

Atafanya, hata kwenye mashindano ya kirafiki. Mwaka 2022 kwenye Ziwa Erie, Marekani, walikamatwa wavuvi wawili waliojaza vipande vya madini ya risasi ndani ya samaki ili wazidi uzito, na pale palikuwa na fedha nyingi. Kwenu kutakuwa na mbuzi au kombe, lakini majina ya ofisini ni mali pia.

Dawa ni kikadi. Asubuhi, dakika chache kabla ya kuanza, mwamuzi anaandika neno au namba ya siku hiyo na kuwapa timu zote. Kila picha lazima ionyeshe kikadi kando ya samaki, na timu pinzani iliyo jirani ishuhudie. Samaki anayerudiwa hujulikana kwa alama zake: mkato wa pezi, magamba yaliyotoka.

Ubao wa kupimia tengenezeni wenyewe. Chukueni bomba la plastiki la inchi 6, lipasueni kwa urefu, zibeni ncha moja kwa kipande cha mbao, kisha bandikeni futi ya utepe ndani, sifuri ikigusa ule mbao. Samaki hulala humo akatulia. Lowesheni bomba kwanza, maana likikaa juani linaunguza na kuvua ute wa ngozi. Mdomo ufungwe na uguse mbao, mkia ubanwe, kisha hesabu ishushwe hadi nusu sentimita iliyo chini: 27.8 ni 27.5. Ugomvi mwingi huanzia kwenye mdomo ulioachwa wazi na simu iliyopigia picha pembeni, kwa hiyo piga kutoka juu kabisa.

Timu zikilingana, yenye samaki mmoja mrefu zaidi ishinde.

Ndoano gani? Sisi hupata miguso mingi lakini hatuopoi kitu. – Msomaji, Kikuyu

Ndoano yenu ni kubwa. Mdomo wa perege ni mdogo, tumieni namba 8 au 10 (namba ikipanda, ndoano inapungua), mshipi wa milimita 0.25, na chubwi dogo linalotosha tu kusimamisha boya. Chambo ni mnyoo, au donge la ugali lenye ukubwa wa punje ya hindi. Ugali ukitoka kirahisi, ukande tena na unga wa ngano kidogo pamoja na nyuzi chache za pamba. Boya likitetemeka acha. Likianza kutembea upande au kuzama, ndipo uvute, tena kwa kiganja, si kwa bega.

Kwa kambare tumieni ndoano kubwa ya 2/0, mshipi wa milimita 0.40, maini ya kuku, chubwi likae chini. Bana kile kijino cha nyuma ya ndoano kwa koleo. Samaki hutoka upesi na vidole vyako pia. Miiba ya mapezi ya kifuani huchoma, mshike kwa taulo lililoloweshwa.

Tuko timu nane. Tukae wapi, na tuombe ruhusa kwa nani? – Msomaji, Chamwino

Anzeni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri inayohusika, maana bwawa lipo upande wa Dodoma na upande wa Iringa, na leseni ni takwa la Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Waoneni na viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa mwalo) wa mwalo mtakaoutumia. Wao wanajua nyavu za watu zimetandazwa wapi. Ukuta wa bwawa na mitambo ya umeme msiisogelee.

Vueni kutoka ukingoni. Pigeni vigingi vinane, mita 20 kati ya kimoja na kingine, timu zivipate kwa kura, na nusu ya muda zibadilishane: kigingi cha 1 kiende cha 5, cha 2 kiende cha 6, hivyo hivyo. Bila hilo, aliyepata kona yenye miti iliyozama ndiye bingwa.

Mtera ina mamba na viboko. Simameni angalau mita tatu kutoka majini, asiingie mtu kunasua ndoano, ikatwe. Hapo mnaepuka na kichocho. Anayeopoa samaki atumie wavu wenye mpini mrefu, mwenzake akiangalia maji.

Anzeni saa 12:30 asubuhi, malizeni saa 4:30. Baada ya hapo upepo huinua mawimbi, boya halisomeki tena.