Ukienda Orvieto, lala hukohuko juu

Wageni wengi hupanda Orvieto asubuhi, wakapiga picha mbele ya kanisa kuu, wakala aiskrimu, na jioni wamesharudi Roma. Ndugu na marafiki wanaonitembelea huniomba niwapangie safari ya namna hiyohiyo, nami nawaambia walipie chumba walale. Mji ule ni wa jioni.

Uko Italia, mkoa wa Umbria, juu ya mwamba wa jiwe laini la volkano ambao kingo zake zimesimama wima kama zimekatwa. Kutoka Roma Termini panda treni ya kawaida, ile ya regionale. Ni saa moja na ushee, na nauli haipandi hata ukikata tiketi siku ileile. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla hujapanda. Wakaguzi hawataki kusikia kwamba wewe ni mgeni. Stesheni iko bondeni, na mbele yake kuna kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma hadi juu. Gari la kukodi achana nalo: katikati ya mji kunalindwa na kamera, na faini hukufuata hadi nyumbani.

Ukishuka kwenye kigari, kanisa lisubiri. Karibu na hapo kuna Pozzo di San Patrizio, na kwangu mimi kisima hiki ndicho chenye maajabu kuliko yote. Mwaka 1527 Roma iliporwa na wanajeshi, Papa Klementi wa Saba akakimbilia Orvieto. Akahofu kwamba mji ukizingirwa utakufa kwa kiu, akaagiza kichimbwe kisima. Kina chake kinapita meta 50. Msanifu wake, Antonio da Sangallo, alizungushia ngazi mbili zisizokutana, kila moja ina vidato 248: wanyama wa mizigo walishukia hii na kupandia ile, bila kupishana. Aliyewahi kupanga ndoo bombani ataielewa akili hiyo mara moja. Papa mwenyewe hakuwahi kukiona kimekamilika. Alifariki 1534, kazi ikaisha 1537. Chukua sweta, na kama magoti yanakusumbua, usijaribu.

Chini ya nyumba za watu kuna mapango mengi yaliyochongwa tangu enzi za Waetruski, watu waliokaa hapa kabla ya Warumi, na huingii bila kiongozi. Utaona kuta zenye vishimo vingi vya mraba: humo walifuga njiwa kwa ajili ya kitoweo. Sehemu nyingine ni nyembamba, kwa hiyo mwenye hofu ya mahali pa kubana abaki juu.

Majiko ya migahawa hufungwa baada ya chakula cha mchana hadi saa moja au moja na nusu jioni. Nguruwe, wa kufugwa na wa porini, yumo karibu kila mahali, hata ndani ya mchuzi, kwa hiyo asiyemla aulize kabla ya kuagiza. Umbrichelli, tambi zao nene, na tartufo, uyoga unaochimbwa ardhini, haziniangushi.

Sasa kanisa. Ujenzi ulianza 1290, na uso wake unapokea jua la alasiri, kwa hiyo nenda mabasi ya watalii yakianza kuondoka, ukaone dhahabu ya zile picha za vigae ikiwaka. Uingie ndani kabla halijafungwa, kwenye kikanisa alichochora Luca Signorelli Siku ya Hukumu. Baada ya hapo vichochoro hubaki vya wenyeji na wachache mliolala.

Wakatoliki wana sababu ya ziada: ni hapa Orvieto, mwaka 1264, Papa Urbano wa Nne alipoitangaza sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa zima. Hadi leo mji huiadhimisha kwa maandamano ya mavazi ya kale. Ukiitaka wiki hiyo, weka chumba miezi kadhaa kabla. Vinginevyo nenda katikati ya wiki, bei huwa nafuu.