Kuacha Chaki kwa Ajili ya Maabara

SWALI: Mhariri, nina umri wa miaka 41, nafundisha Kemia Ahero, na natamani kazi ya maabara. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, kabla ya kuiandikia Tume ya Huduma kwa Walimu barua ya kujiuzulu, kagua hati yako ya mshahara, hasa mkopo wa sako (chama cha akiba na mikopo), kwa maana makato yakikoma, wadhamini wako, ambao aghalabu ni walimu wenzako, ndio watakaosumbuliwa. Kustaafu mapema huanzia miaka 50. Hivyo, uliza kwa maandishi hatima ya michango yako ya pensheni. Viwanda vya sukari vya ukanda wa Muhoroni hupima miwa maabarani. Katika wasifu wako, usiandike “nilifundisha” tu, bali eleza majaribio uliyoyasimamia na kemikali ulizozitunza.